Medali za babu aliyekuwa Keya: namna ya kuzisoma, kufuatilia utumishi wake na kuzitunza

Kasha likifunguliwa na medali zikatoka, mtu wa kwanza hukimbilia ndimu na majivu, au kopo la Brasso. Mzuieni. Medali iliyofifia bado inasomeka, lakini iliyosuguliwa miaka mingi hupoteza herufi za ukingoni, na kwenye medali nyingine herufi hizo ndizo zenye namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Zikishalika hakuna ofisi ya kukurudishia.

Mwongozo huu unahusu askari wa King's African Rifles, yaani KAR, ambao wenyeji waliwaita Keya. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902 na kuchukua askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo). Tunawalenga hasa wale waliofanya uaskari kuwa kazi ya maisha: waliingia kabla ya vita vya 1939 wakatoka katikati ya miaka ya 1950 au baadaye. Ambaye babu yake alikuwa kwenye vikosi vya magari, vya vibarua wa jeshi au mizinga ya Afrika Mashariki atapata mengi ya kumfaa pia.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha medali zikiwa vilevile zilivyotoka, kwa mpangilio uleule, pamoja na boksi, bahasha na kila karatasi. Usizitenganishe kugawana watoto. Sababu ni hii: nyota na medali nyingi za Vita vya Pili walizopewa askari wa majeshi ya Uingereza hazikuandikwa jina. Kinachothibitisha kwamba nyota ile ni ya babu ni kukaa kwake pamoja na medali nyingine yenye jina, na karatasi zilizo kasha moja nazo. Mjomba akichukua mbili na shangazi moja, baada ya kizazi kimoja mtabaki na vyuma visivyo na mwenyewe.

Nawa mikono na uikaushe vizuri, tandika taulo mezani, na ushike medali kwa kingo zake. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye fedha au shaba hubaki imejichora. Piga picha ya mbele, ya nyuma na ya ukingo wote. Kwa ukingo usitumie mwanga wa simu unaopiga moja kwa moja. Kaa karibu na dirisha asubuhi au jioni, mwanga ukiingia kwa ubavu, kisha zungusha medali polepole. Herufi zilizogongwa zitaonekana kwa vivuli vyake. Zikikataa kabisa, zungushia ukingo karatasi nyembamba na upitishe penseli laini juu yake kwa ubapa. Usipake chaki wala unga, kwa sababu huingia kwenye herufi na kukusanya unyevu.

Andika kila unachokiona hata kama hukielewi. Namba inaweza kutanguliwa na herufi, na herufi hizo ni sehemu ya namba.

Zisizo na jina: nyota na medali za 1939 hadi 1945

Nyota za vita hivyo zote zina umbo moja: ncha 6, aloi ya shaba na zinki, katikati herufi za mfalme GRI na VI chini ya taji, na jina la nyota kwenye duara. Mgongo ni mtupu. Kwa hiyo usiangalie umbo, soma maneno ya duara. Utepe ni msaada tu, maana tepe huchanika na kubadilishwa.

THE 1939-1945 STAR ina utepe wa sehemu 3 sawa: buluu iliyokoza, nyekundu na samawati. Kwa askari wa nchi kavu ilihitaji miezi 6 ya utumishi katika eneo la mapigano, ila aliyeuawa au kujeruhiwa kabla ya muda kutimia alihesabiwa.

THE AFRICA STAR ina utepe wa rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, mwembamba wa buluu iliyokoza upande mmoja na wa samawati upande wa pili. Hii ilitolewa hata kwa siku 1 katika maeneo yaliyotajwa, kuanzia 10 Juni 1940 hadi 12 Mei 1943. Kwa askari wa Keya mara nyingi maana yake ni vita dhidi ya Waitaliano: kuvuka Mto Juba Februari 1941, Mogadishu kuchukuliwa tarehe 25 mwezi huohuo, Addis Ababa 6 Aprili, na Gondar 27 Novemba. Usikimbilie kusema babu alikuwa Habeshi, hata hivyo. Maelfu ya Waafrika Mashariki walikuwa kwenye vikosi vya upainia (askari wa kazi za mikono) Misri na Libya, na nyota yao ni hiyohiyo.

Hapa wengi huteleza juu ya Madagaska. Kisiwa kile kilipiganiwa mwaka 1942 na askari wa KAR walishiriki, wakiwemo wa batalioni ya 1/6 ya Tanganyika, lakini mapigano hayo hayakuingia kwenye Africa Star. Familia ikisema babu alikwenda Bukini, yaani Madagaska, na nyota hiyo haimo kasha, simulizi na chuma havipingani.

THE BURMA STAR ndiyo inayoulizwa sana. Utepe wake ni buluu iliyokoza, nyekundu pana katikati, na mstari wa machungwa katikati ya kila upande wa buluu. Ilitolewa kwa utumishi kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Bama (Burma, Myanmar ya leo) katikati ya 1944, ikashuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, na kuichukua Kalewa kwenye Mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Batalioni za 26 na 36 za Tanganyika na ya 11 ya Kenya zilikuwa humo. Wapo waliokwenda Bama wakiwa kwenye brigedi nyingine nje ya divisheni hiyo, kwa hiyo nyota peke yake haitoshi kukuambia alipita njia ipi.

Zinazobaki ni za duara, upana milimita 36, mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye rangi kama ya fedha. Defence Medal ina utepe wa machungwa wenye kingo za kijani zilizopitiwa na mstari mwembamba mweusi. War Medal 1939-45 ina simba aliyesimama juu ya joka la vichwa 2, na ilihitaji siku 28 tu za utumishi, kwa hiyo karibu kila askari anayo. Itazame kwa makini kwenye utepe: ukikuta kipambo kidogo cha shaba chenye umbo la jani la mwaloni, mwenyewe alitajwa kwa jina kwenye ripoti ya kamanda. Jani hilo hudondoka kirahisi na watu hulitupa wakidhani ni pambo la kofia.

Zenye jina: hapa ndipo utumishi wa maisha unaposomeka

Askari wa kuandikishwa kwa ajili ya vita aliachishwa vita vilipokwisha, akarudi kijijini, na zake ni nyota na medali hizo zisizo na jina. Aliyebaki jeshini ana medali za aina nyingine, na hizo zina maandishi ukingoni.

Africa General Service Medal ni ya fedha, utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari 2 myembamba ya kijani. Nyuma amesimama Britannia (mwanamke anayewakilisha Uingereza), simba nyuma yake, chini neno AFRICA. Juu ya utepe kuna kibao kidogo cha chuma kilichoandikwa mahali au mwaka, na medali hii husomwa kwa kibao. SOMALILAND 1902-04, NANDI 1905-06 na JUBALAND 1917-18 ni za babu wa babu. Kibao cha KENYA ni cha dharura ya miaka ya Mau Mau: siku 91 kati ya 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956, na sura iliyo mbele ni ya Malkia Elizabeth II. Kibao hicho hakikutolewa kwa KAR peke yao. Polisi nao walikipata. Zipo familia za Kenya zinazokificha na zipo zilizokitupa chooni. Ushauri wetu ni kukiweka. Kujua babu alikuwa upande gani ni bora kuliko kubahatisha, na mjukuu atakayetaka kuhukumu ahukumu akiwa na ushahidi.

General Service Medal ya zambarau yenye mstari wa kijani katikati, ikiwa na kibao cha MALAYA, huwashangaza wengi. Batalioni za KAR zilipelekwa Malaya (leo sehemu ya Malaysia) kupigana msituni na waasi wa Kikomunisti. Ya 3 ya Kenya ilikuwako 1952 na 1953.

Ile inayomtambulisha mwanajeshi wa maisha hasa ni medali ya utumishi mrefu na mwenendo mwema ya KAR. Ni ya fedha, utepe wa damu ya mzee wenye mstari wa kijani katikati, na ilihitaji miaka 18 ya utumishi usio na doa. Kwa sababu hiyo haikuwa ya wengi. Ukiipata, toa 18 kwenye mwaka ulioandikwa katika karatasi yake na utapata kikomo: aliandikishwa mwaka huo au kabla yake, si baada.

Military Medal, fedha, nyuma imeandikwa FOR BRAVERY IN THE FIELD, ni ya ushujaa. Ukiwa nayo acha mengine yote uruke hadi sehemu ya kumbukumbu, kwa sababu ushujaa ndio uliandikwa zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Medali za Vita vya Kwanza ziwe na sehemu yake pembeni: nyota ya 1914-15 ina jina mgongoni, ya fedha yenye mpanda farasi na ya shaba yenye malaika mwenye mabawa zina jina ukingoni.

Mfano wa kusoma seti

Tuseme mezani kuna 1939-45 Star, Africa Star, Burma Star, Defence Medal, War Medal, ya zambarau yenye MALAYA, ya njano yenye KENYA, na ya damu ya mzee. Tatu za mwisho zina jina na namba. Linganisha namba kwanza: ikiwa ni moja kwenye zote 3, seti ni ya mtu mmoja. Kisha linganisha vyeo. Koplo kwenye MALAYA na sajini kwenye ya utumishi mrefu ni kupanda cheo kwa kawaida; kinyume chake ni dalili ya kushushwa au ya medali za watu wawili. Kikosi kikisomeka 3 KAR, miaka ya 1952 na 1953 una mahali pa kuanzia. Kwa miaka ya vita usidhani alikuwa kikosi kilekile, maana jeshi lilipanuka haraka na askari wazoefu waligawanywa kwenda kuunda batalioni mpya. Nyota hazitakujibu hilo. Karatasi na wazee ndio watajibu.

Kutoka chuma hadi kumbukumbu

Anza na wazee kabla ya ofisi, kwa kuwa ofisi zitakuwepo mwaka ujao. Swali la “alipigana wapi?” hujibiwa “Bama” likaisha. Uliza alipanda meli wapi na ikatia nanga wapi, alifundishwa kambi gani, baridi ilikuwa wapi, walikula nini, bwana mkubwa wao aliitwa nani, alirudi mwaka gani, na ni mtoto yupi alizaliwa alipokuwa hayupo. Jina la afisa, hata likitamkwa kwa Kiswahili cha kijijini, linaweza kukupeleka kwenye kikosi. Tarehe ya kuzaliwa mtoto ni msumari wa kuning'inizia mengine.

Halafu karatasi. Cheti cha kuachishwa jeshini ndicho cha thamani kuliko medali zote, kwa sababu kina namba, tarehe ya kuingia na kutoka, na maoni ya afisa. Nchini Kenya hata namba ya kipande (kitambulisho cha enzi za ukoloni) husaidia. Andaa orodha ya namna zote jina lingeweza kuandikwa na karani asiyejua Kiswahili: Athumani, Asmani, Osman, Hamisi, Amisi, Khamis. Wengi waliandikwa kwa jina moja, au jina la baba likatangulia, na wapo waliojiandikisha kwa jina ambalo nyumbani halikujulikana. Ndiyo maana tunatafuta kwa namba kwanza na kwa jina baadaye.

Hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, usiitarajie ikupe faili la askari Mwafrika mmoja mmoja. Inachotunza ni kumbukumbu za vikosi na za ushujaa, na orodha yake ya majalada hutafutwa bure mtandaoni. Mapendekezo ya ushujaa yako kwenye kundi la WO 373 (WO ni War Office, wizara ya vita ya Uingereza), yanatafutika kwa jina, na mara nyingi yanaeleza tarehe, mahali na kitendo chenyewe. Shajara za vikosi, zilizoandikwa siku kwa siku, ziko WO 169 kwa Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati, WO 174 kwa Madagaska, na WO 172 kwa Bama. Za Vita vya Kwanza ziko WO 95. Ukiomba nakala taja batalioni na miezi. Ukiomba “KAR 1944” utaletewa bei ya kukukatisha tamaa. Shajara humtaja afisa kwa jina na askari kwa idadi, kwa hiyo unachopata ni alipokuwa babu tarehe fulani, si alichofanya.

Ofisi za nyaraka za taifa za Nairobi na Dar es Salaam zina majalada ya wakuu wa wilaya. Humo hukaa barua za askari walioachishwa, fedha walizotuma nyumbani, malalamiko ya ardhi na ya wake waliochukuliwa. Nenda na jina la wilaya ya wakati ule, siyo ya leo.

Kwa aliyekufa jeshini, tafuta kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, inayohusika na waliokufa hadi 31 Desemba 1947. Walioangukia Bama wengi wako Taukkyan, makaburini au kwenye mnara wa wasio na kaburi. Waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na kupigwa na nyambizi ya Kijapani 12 Februari 1944, majina yao yatafute kwenye mnara wa East Africa Memorial, makaburi ya vita ya Nairobi. Usiende kwenye sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa kutafuta jina: hazina majina.

Aliyeendelea baada ya uhuru hubadilisha milango. Batalioni za 6 na 26 zikawa Tanganyika Rifles Desemba 1961, wakaasi Januari 1964 katika kambi ya Colito, wakavunjwa, na JWTZ likaundwa 1 Septemba 1964. Colito ndiyo Lugalo ya leo. Jina la zamani lilitokana na mapigano ya Habeshi ya Mei 1941. Medali na nishani za baada ya hapo, pamoja na za Umoja wa Mataifa, huulizwa jeshi la nchi husika, siyo London.

Bandia, na zilizochezewa

Nyota za vita zinaigwa sana. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo usoni, herufi zenye kingo zilizolala, na mshono kwenye unene wake. Ya kweli iligongwa kwa mashine na kona zake ni kali hata ikichakaa. Jina likiwa mgongoni mwa nyota lisikutie shaka wala furaha: Afrika Kusini waliandika za kwao rasmi, na huku mtu alimpa fundi amchongee.

Kwenye medali ya fedha hatari ni jina kufutwa na lingine kuwekwa. Pima kipenyo kwa kalipa sehemu tofauti. Palipopigwa tupa patapungua. Herufi rasmi zina ukubwa mmoja na zimekaa sawa. Za kuchongwa kwa mkono zinacheza. Na usimwachie sonara medali ya fedha “apime tu”. Bei ya fedha ilipopanda miaka ya 1979 na 1980, nyingi za Vita vya Kwanza ziliishia kwenye tanuri.

Ukipoteza nyota isiyo na jina unaweza kununua nyingine ya kweli ya aina hiyo kukamilisha seti. Andika kwenye karatasi kwamba hii si yake. Usiichonge jina.

Kusafisha na kuhifadhi

Vumbi litolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Uchafu wa mafuta: toa utepe, tumia maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa (distilled water) na tone la sabuni ya vyombo, suuza, kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba, kisha acha nje ya boksi saa 24. Ukoga wa kijani ung'olewe kwa kijiti cha mti kilichochongwa, kamwe si pini. Rangi nyeusi ya fedha iacheni. Ni ngozi yake na haimli. Ndimu hula shaba, majivu hukwaruza, na Brasso hufanya yote mawili.

Utepe wa asili usiufue, rangi nyekundu huchuja. Ukichanika, weka mpya wa milimita 32 na wa zamani uhifadhi kwenye bahasha pamoja na medali.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu wenye chumvi. Kila medali iwe kwenye karatasi isiyo na asidi, zote ndani ya boksi lenye mfuniko mzuri na pakiti 2 au 3 za silika jeli zinazobadilishwa kila msimu wa mvua. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa kemikali inayopaka shaba utelezi wa kijani. Boksi la mvule au mninga nalo hutoa mvuke wake. Ukitaka fremu ukutani, medali zishonwe kwa uzi wa pamba, zisigundishwe, na ukuta usiwe unaopigwa na jua la alasiri. Nyuma ya fremu bandika nakala ya cheti, si cheti chenyewe.

Kuvaa

Mwenyewe huvaa kushoto. Ndugu anayemvalia marehemu huvaa kulia. Iliyo ya kwanza kwa heshima hukaa karibu na vifungo vya koti, na nyingine hufuata kuelekea begani: ushujaa, kisha za vita kwa mpangilio wa mfano wetu hapo juu, utumishi mrefu mwishoni. Kwenye 1939-45 Star na Africa Star, buluu iliyokoza ielekee kwenye vifungo. Seti ya medali 8 ni nzito, kwa hiyo itiwe kwenye fimbo moja ya chuma yenye pini 2, na koti liwekewe kitambaa kigumu ndani. Pini 1 huinama, na medali za mwisho hudondoka mtu akisimama kupiga saluti.